Vitabu vya Kaniki

Tayabali, mwenye duka la Msambweni, akiletewa gunia la karatasi kuukuu kutoka Mombasa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa magamba ya vitabu. Gamba gumu halifungi tumbaku wala halikunjiki likashika njugu. Basi aliyang'oa, akayatupa uani kuku wakayachakura, na kurasa zilizobaki akazitundika kwa waya juu ya meza yake, akichana mojamoja kadiri wateja walivyomjia. Mtu alikaa kitako akaandika, akavunjika kichwa kwa kuwaza, na jasho lake likaishia kufungia pilipili manga. Mbeyu binti Chome alipoliona jambo hilo, mwaka wa hamsini na mbili, alighadhibika mpaka akasahau alichokuja kununua.

Na haki ya kughadhibika alikuwa nayo, kwa sababu herufi zile yeye hakupewa bure. Utotoni alisoma chuoni kama wenziwe, akahitimu Kurani, akajua kuandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu alizipata ukubwani, ameshakuwa mjane na mtoto mmoja wa kike, Mishi, akifua mashuka ya hospitali. Mkunga mmoja aliyeitwa Rispah, mwanamke wa huko ndani mashambani, alimfundisha wakati wa mapumziko kwa vibandiko vya chupa za dawa. Neno la kwanza alilolisoma Mbeyu peke yake, bila kushikwa mkono, lilikuwa SUMU.

"Umeanza vyema, mama," Rispah alimwambia. "Hilo ukilijua, utaishi."

Siku hiyo dukani, sukari yake ilikuwa imefungiwa ukurasa. Alipofika nyumbani akaimimina sukari mkebeni, akaunyosha ule ukurasa juu ya goti, akasoma polepole: *Shamba hurithiwa, na jina hurithiwa. Tabia hairithiwi. Mtu huijenga mwenyewe kila siku, na* … Hapo karatasi imechanika. Na nini? Hiyo "na" ilimkaa kooni. Tangu anaota meno alikuwa akiambiwa ana ukali wa babake, ana ulimi wa bibi yake, amezaliwa hivyo na atakufa hivyo, mumewe amshukuru Mungu kwa kutangulia. Leo karatasi ya sukari inamwambia vingine, halafu nusu yake imekwenda na tumbaku ya mtu.

Kesho yake alirudi kwa Tayabali na pakacha jipya, la makuti mabichi, alilolisuka asubuhi hiyo. Mapakacha ya Mbeyu yalijulikana. Ukiyatia maembe ukayafikisha Mombasa, hayalegei.

"Pakacha moja kwa kitabu kizima," alisema. "Kabla hujakigusa."

Tayabali alicheka. "Mama Mishi, kitakufaa nini? Hakina hata jina."

"Nami sikuja kutafuta jina. Lete gunia nichague mwenyewe."

Akawa anachagua. Sikiliza basi, maana watu husema alikuwa akizoa karatasi kama kichaa, na huo ni uwongo. Vitabu vya hesabu alivirudisha, vya kilimo cha pamba akavirudisha, akamwambia Tayabali hivyo vya pamba avifungie pilipili kwa raha zake. Yeye alitaka vya tabia tu. Na vilikuwepo, vya zamani, vingine vilichapwa kabla ya vita vya Mjerumani, kwa Kiswahili cha ajabu ajabu kilichomchekesha, ambavyo shule zilishavichoka na kuvitupa. Vilimfundisha mtu kujizuia, kuamka mapema, kushika ahadi, kusimama peke yake watu wote wakikaa. Kwa kuwa havikuwa na magamba, havikuwa na majina, akavipa mwenyewe: Kile cha Saa, Kile cha Ulimi, Kile cha Hasira. Kwa miaka miwili alikusanya kumi na viwili. Kijana mmoja seremala wa Diani, jina lake Chirau, akamchongea sanduku la mvule lenye nafasi kumi na mbili, na akachukua muda mrefu sana kulimaliza, kwa sababu kila alipokuja kupima alimkuta Mishi uani.

Kosa lake Mbeyu, kama ni kosa, lilikuwa kitambaa. Kitabu kisicho na gamba huoza, basi alivishonea magamba ya kaniki nyeusi. Kaniki haikuwa ghali, ilikuwa ngumu, na haionyeshi uchafu. Hakuwaza zaidi ya hapo. Lakini ulizeni mtu yeyote kuanzia Tiwi mpaka Vanga, kaniki ni nguo ya nini? Kaniki ni nguo ya pepo. Na mtu aliye na sanduku la vitabu vikuukuu vilivyovikwa kaniki, akavifungua alfajiri akisoma kwa sauti ya chini, huyo ni nani? Ni mganga wa kitabu, anayeangalia mambo ya watu. Hapakuwa na jibu la pili.

Wakaanza kuja. Mama mmoja akaja kuangaliziwa kuku wake aliyepotea. Mbeyu akamjibu kuwa kuku amekwenda kwa jirani anayemwagia mtama, kwa sababu yeye nyumbani hammwagii kitu. Kuku akapatikana huko huko kwa jirani. Hilo lilimwongezea sifa badala ya kumpunguzia, na Mbeyu akakasirika siku mbili.

"Mimi siangalii mtu," alikuwa akiwaambia. "Hivi vinaniangalia mimi."

Nao wakitoka hapo wakaambiana: mmesikia, vitabu vyenyewe vina macho.

Kisha mchana mmoja wa jua kali, watu wote wamejilaza, alibisha hodi Mzee Sefu. Sefu alikuwa mtu mzito Msambweni, mwenye minazi yake na kauli yake, na alikuwa mjomba wa yule Chirau seremala. Aliingia akiangalia nyuma. Mkewe Esha, alisema, amekwenda kwao Kikoneni na hataki kurudi. Mtu amemfanyia kitu, yeye Sefu. Amemzikia fingo, dawa ya uchawi, mahali, ndiyo maana damu humpanda akasema maneno ambayo hakuyakusudia. Anataka kujua ni nani.

"Ni wewe," Mbeyu alimwambia.

Angekuwa mwanamume, wangekamatana. Lakini Sefu alikuwa amechoka, na nyumba yake ilikuwa kimya wiki tatu. Akakaa juu ya kigoda. Mbeyu akatoa Kile cha Hasira, akamsomea mlango mmoja, sura fupi tu, mara tatu, kama anavyosomewa mwanafunzi wa chuo: *Hasira ikikupanda usiseme neno. Nenda kisimani, urudi. Ukirudi ungali unalo la kusema, liseme.* Sefu akasikiliza hadi mwisho. Alipoinuka akaomba akichukue kitabu, siku chache tu, na kwamba jambo hili lisitoke nje ya mlango. Mbeyu akampa vyote viwili, kitabu na neno lake.

Esha alirudi kabla ya mwezi kuandama. Kitabu hakikurudi, ila Mbeyu akipita kwa Sefu aliona juu ya mlango hirizi mpya ya ngozi, nene kama kitabu. Sanduku likabaki na vitabu kumi na kimoja na nafasi moja tupu, na kila alipolifunua Mbeyu aliitazama ile nafasi na kusonya.

Sasa, mwaka wa hamsini na tano, Chirau alileta posa ya Mishi. Kwa Wadigo neno la mjomba ndilo neno, na posa ikapita mikononi mwa Mzee Sefu. Siku ya kukata maneno watu walikaa barazani kwa Mbeyu: Sefu na nduguze, Chirau, kimya pembeni kama ipasavyo bwana harusi, Mramba, ndugu wa marehemu mume wa Mbeyu, ambaye ndiye walii wa kumwoza Mishi na ambaye alikuwa tayari kukubali chochote mradi watu wasipaaze sauti, na Maalim Abdurahman wa chuoni. Mbeyu alikaa mlangoni juu ya mkeka, mtandio kichwani. Mishi alikuwa chumbani, nyuma ya pazia. Kahawa ikapita. Kisha Sefu akasema lililomleta.

"Binti hatuna neno naye. Lakini mjukuu wetu hatazaliwa katika ukoo wenye vitabu vile. Vichomwe moto leo, hapa hapa uani, tuone kwa macho yetu, ndipo tupange siku. Visipochomwa, tunachukua viatu vyetu."

Mramba akamgeukia shemeji yake kwa macho ya kuomba. Mishi alimpenda Chirau, hilo alilijua kila mtu. Msichana alikuwa amekonda kwa kungojea. Na uani kuni zilikuwapo, kiberiti kilikuwapo. Dakika moja tu, na mwanawe angekuwa na furaha yake.

"Maalim," alisema, "kabla ya kuchomwa, visomwe. Hata mwizi husikilizwa."

Sanduku likaletwa. Maalim Abdurahman, mtu mwadilifu, akapiga bismillahi, akatoa kitabu cha juu na kukifungua kuanzia upande wa kulia, kama vinavyofunguliwa vitabu vyote alivyovisoma maishani mwake. Akajikuta yuko mwisho. Akageuza, akageuza tena. Herufi za Kizungu hakuzijua, lakini uganga wa vitabu aliujua sura yake. Akawa anapekua kimyakimya na watu wakaanza kutulia. Halafu mkono wake ukasimama.

Ukurasa ule ulikuwa umepigwa mistari ya kwenda juu na ya kukata. Visanduku saba kwa upana, visanduku vinne kwenda chini. Ndani ya visanduku, alama za mkaa.

"Jadwali," akasema Sefu, akinyosha kidole. "Mmeiona wenyewe. Jadwali."

Hakuna asiyejua jadwali. Ndiyo mistari anayoichora mganga wa kitabu, akaijaza tarakimu na majina ya majini, na jina la mtu likiingia humo mtu huyo hana lake tena. Ndugu wa Sefu mmoja akasogeza miguu yake mbali na sanduku.

"Mama Mishi," Maalim alisema taratibu, "hizi alama ni za nani?"

"Zangu."

"Umemwandikia nani?"

Kulikuwa na majibu mepesi, na yote yalikuwa ya uwongo. Akainuka, akaja akasimama juu ya kitabu, akaweka kidole.

"Visanduku saba ni siku saba, kuanzia Jumamosi. Hizi ni za wiki iliyokwisha jana, sijazifuta. Huu mstari ni Uvivu. Huu ni Ulimi. Huu ni Hasira. Huu wa mwisho ni Kiburi. Kitabu kinasema kila jioni mtu ajiulize, na alipokosea aweke alama, na wiki ikiisha azifute aanze tena. Jumatatu hapa nimesengenya. Jumanne nimesengenya. Jumatano nimemwita Tayabali jina ambalo sitalirudia mbele ya Maalim. Alhamisi, mnaona, sina alama ya Ulimi, kwa sababu nilikuwa na homa sikuamka. Haya ndiyo majini yangu. Mnataka kuyachoma, nami nimejaribu miaka mitatu hayaungui."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Maalim Abdurahman aliinama juu ya ule ukurasa kwa muda, na alipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamelainika.

"Huu si uganga," alisema. "Hii ni hesabu ya nafsi. Masheikh wametuamrisha tuifanye, na mimi mwenyewe sijawahi kuithubutu kwa mkaa."

Yangekwisha hapo kama watu wangekuwa na haya. Lakini Sefu alikuwa ameshika, na aliyeshika kwa hofu haachii. "Mimi nawaambia vina nguvu. Vinafanya kazi. Najua."

"Unajuaje?" akauliza Maalim.

Sefu akajipangusa jasho kwenye ukingo wa kofia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama Mbeyu usoni.

Hapo sasa. Mbeyu alikuwa nalo neno kwenye ncha ya ulimi, tamu kuliko halua. Aseme tu: mwulizeni mchana ule alikuja kwangu kufanya nini, mwulizeni juu ya mlango wake pametundikwa nini. Kikao kingemgeukia Sefu, vitabu vingepona, harusi ingefungwa, na yeye angecheka mpaka Ramadhani. Na lo, jinsi alivyolitaka. Lakini ndani ya sanduku lile lile kilikuwamo Kile cha Ulimi, na mlango wake wa nne aliujua kwa moyo: *Siri uliyopewa ni amana. Usiitoe hata kwa kujiokoa.* Alimeza mate. Neno likashuka nayo, kwa shida.

"Sijui anajuaje," alisema Mbeyu. "Lakini hivi vitabu havichomwi. Nimevitoa kwenye waya wa Tayabali kimoja kimoja, kwa mikono yangu hii. Sikuvitoa huko nikavitie motoni. Harusi ikivunjika, nitakaa na binti yangu, na yeye akinilaumu nitakuwa na haki ya kulaumiwa. Viatu vyenu viko pale."

Mramba akashika kichwa. Chirau akainuka nusu, akakaa. Lakini Maalim Abdurahman alikuwa mtu wa taratibu, akasema posa haivunjwi wala haifungwi kabla msichana hajaulizwa. Akaenda hadi kwenye pazia, akauliza kama inavyoulizwa: je, Mishi binti Hamadi, unamridhia Chirau, na mahari yako unataka nini?

Desturi ni msichana kunyamaza. Akinyamaza ameridhia, na mahari wataijua wazee. Wakangojea huo unyamavu, na wengine walishaanza kuvuta mkoba wa tambuu.

"Namridhia," sauti ya Mishi ilitoka nyuma ya pazia, na haikutetemeka. "Kilemba na mkaja mtaelewana wazee. Mahari yangu mimi nataka kitabu."

"Kitabu?" Mramba akauliza.

"Kimoja tu. Cha hasira. Kimevikwa kaniki, na pembeni kimeshonwa kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulituishia. Sitaki kingine chochote, na pasipo hicho sitaki ndoa."

Mbeyu akafunika mdomo kwa mtandio. Huyu mtoto alikuwa chumbani mchana ule, walimdhania amelala.

Watu wakatazamana. Kitabu cha namna hiyo kitapatikana wapi duniani? Maalim akakuna kidevu, akasema mahari ni haki ya mwanamke, hata ikiwa ni kufundishwa aya moja, na kikishakuwa mahari hakuna mkono wa mtu utakaokigusa, sembuse kukichoma. Bwana harusi amesikia?

Chirau akasimama, sasa kwa urefu wake wote. "Nimesikia, na nimekubali. Nitakitafuta hata kama ni Lamu."

"Usiende mbali," ikasema sauti ya nyuma ya pazia.

Mzee Sefu alikuwa ametazama chini, kwenye mkeka. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kila mtu aliyemjua alijua kinachofuata, maana sauti ya Sefu ilisikika hadi pwani akipandwa. Lakini akainuka bila neno, akavaa viatu, akatoka. Kupitia mlangoni walimwona akivuka uwanja, akaenda moja kwa moja mpaka kisimani, akasimama hapo ameshika ukingo. Halafu akageuka akarudi.

"Nipeni mpaka Ijumaa," alisema.

Ijumaa, baada ya sala, watu wamejaa uani na pilau iko jikoni, Sefu alikuja na kifurushi kifuani. Alikuwa amekishonea kitabu ndani ya ngozi ya mbuzi kama hirizi, na kilikuwa cheusi kwa moshi wa ubani aliokifukizia mlangoni. Angeweza kumpa Chirau kwa siri. Hakumpa. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kitabu hiki kilikuwa kwangu. Nilimwendea mama huyu kwa haja zangu, akanistahi, na barazani akanistahi tena, mimi nikitaka kumchomea. Kimenirudishia mke wangu."

"Hakikukurudishia," alisema Mbeyu. "Kilikuwa kimetundikwa tu mlangoni mwako. Kilichomrudisha Esha ni miguu yako kwenda kisimani."

Esha, aliyekuwa akipakua pilau, alisema kwa sauti ya kusikika, "Na huenda mara nyingi. Maji hayatuishii."

Watu wakacheka, Sefu naye, na ndoa ikasomwa. Baadaye Mbeyu alikaa kitako na mkasi, akakata nyuzi za ngozi ya mbuzi na kukitoa kitabu. Kaniki yake ya zamani ilikuwa imeozea ndani ya ngozi. Maalim Abdurahman alimsogelea akamwambia kwa upole, "Mama Mishi, maneno yamekwisha. Sasa si ukivike kitambaa cheupe, watu wasije wakakosea tena?"

"Maalim wangu, nakuheshimu," alisema Mbeyu. Akavuta kipande kipya alichokuwa amekificha chini ya paja, kikachakacha kwa wanga wa dukani. Ilikuwa kaniki. Akakipima kitabu, akakata, akatunga uzi, akakishona pale pale uani, watu wote wakimwangalia, wala hakuharakisha mkono.

Jioni ile, Mishi ameshaondoka na sanduku limejaa nafasi zote kumi na mbili mpaka bi harusi atakapoagiza chake, alifungua ile jadwali na kushika mkaa. Uvivu, hakuna. Ulimi, hakuna, na hapo akatabasamu, maana ilikuwa wiki ya kwanza kupita bila alama ya Ulimi tangu aanze kuhesabu. Hasira, kidogo. Kisha akateremka mpaka mstari wa Kiburi, akaitupia jicho ile kaniki mpya, akatia alama moja, kubwa, nyeusi, iliyojaza kisanduku chote, na wiki ilipokwisha hakuifuta.